Barua ya wazi kwa Daktari Mkurugenzi: kabla ya dawa za nano, fungueni chumba cha bakteria

Lubumbashi

Kwa Bwana Daktari Mkurugenzi wa hospitali yetu,
na kwa Wajumbe wote wa kamati ya usimamizi

Kuhusu: mradi wa nanochembe za peptidi, na maabara ya bakteria iliyofungwa

Bwana Daktari Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako na umri wako. Mimi ni fundi wa maabara katika hospitali unayoiongoza. Sura yangu unaijua kidogo. Sahihi yangu pengine unaijua zaidi, maana iko chini ya barua zilizopita mezani kwa katibu wako na hazikurudi. Nimefuata njia zote zinazokubaliwa kazini: mkuu wa maabara, msimamizi wa idara, kamati yenyewe. Kote nimeombwa nivumilie. Jina la hospitali silitaji hapa, kwa sababu shida yangu si kulichafua. Wanaohusika watajitambua.

Kilichonitoa hadharani ni ile sherehe ya juzi. Kalikoti, kile kitambaa cha tangazo, ilifungwa kutoka mti hadi mti, wageni wakaketi chini ya hema, tukatangaziwa kwamba hospitali inaingia katika mradi wa kutibu vidonda sugu kwa chembe ndogo mno zilizobeba peptidi, yaani protini fupi, zinazoua vijidudu. Msemaji akasema antibiotiki zitakuwa mambo ya zamani hapa kwetu ndani ya muda mfupi, na kwamba bakteria hawawezi kuizoea peptidi. Watu walipiga makofi, nami nilipiga, kwa kuwa sayansi yenyewe ni nzuri na naifuatilia kwa hamu. Ila ukizunguka nyuma ya hema lile unakuta mlango wenye kufuli. Ndani ya chumba hicho ndimo tulimokuwa tukiotesha vijidudu vya wagonjwa, na hatujaotesha tena kwa muda mrefu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Wagonjwa wa vidonda wanatibiwa kwa kubahatisha.

Nianze na wodi ya walioungua, maana huko ndiko mradi unakotaka kwenda. Wengi wa wanaolazwa pale ni watoto. Mmoja kaangukia mbabula, lile jiko la mkaa, mwingine kavuta sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemshwa kwa ajili ya bukari, yaani ugali. Siku za kwanza kidonda huwa safi. Kisha usaha unakuja, na ukija wa kijani wenye harufu ile ambayo kila muuguzi wa wodi anaijua, tunashuku bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Tunashuku tu. Huenda ni yeye, huenda ni Staphylococcus, huenda ni Acinetobacter, huenda wote wamekutana hapo.

Kazi ya kuondoa shaka hiyo ndiyo tuliyoizoea. Unachukua ute wa kidonda kwa pamba, unaupaka kwenye kisahani, unauweka katika etivu, lile kabati la joto, kwenye digrii 35 hadi 37. Asubuhi unaangalia kilichoota, unakitambua, unakipaka tena juu ya agari ya Mueller-Hinton, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, unapanga vidonge vya karatasi vyenye dawa, unasubiri usiku mwingine. Kesho yake unashika rula na kupima kwa milimita duara tupu lililozunguka kila kidonge. Hiyo ndiyo antibiogramu. Njia hii ilipangwa vizuri na akina Bauer na Kirby mwaka 1966, na haidai mashine ya ajabu: inadai joto lisiloyumba, agari ya unene unaotakiwa, vidonge ambavyo muda wake haujapita, na bakteria wa kulinganishia ili ujue kipimo chako hakikudanganyi.

Etivu yetu iliungua umeme uliporudi kwa nguvu baada ya delestaji, yaani kukatwa kwa zamu. Haikutengenezwa. Vidonge vilivyokuwa kwenye friji vikapitwa na wakati, havikuagizwa vingine. Ndipo kufuli likawekwa, "kwa muda".

Matokeo yake yanaonekana kwenye ordonansi, zile karatasi ambazo daktari anaandikia dawa. Karibu kila moja ina antibiotiki ya sindano iitwayo seftriaksoni. Wewe ni daktari, Bwana Mkurugenzi, unajua kuliko mimi kwamba seftriaksoni haina nguvu ya kutegemewa dhidi ya Pseudomonas. Kwa hiyo kama usaha ule wa kijani kweli ni wa Pseudomonas, mama anauza kitambaa chake cha kitenge anunue sindano ambazo zisingeweza kumsaidia mtoto hata kama zingechomwa mwezi mzima. Na wakati huohuo bakteria wengine waliomo mwilini mwa mtoto wanaizoea dawa ambayo Shirika la Afya Duniani, OMS, limeiweka katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini. Madaktari wetu vijana siwalaumu hata kidogo. Wanaandika wanachoweza kuandika, kwa kuwa sisi wa maabara hatuwapi jibu lolote.

Utafiti mkubwa uliochapishwa katika Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi. Ngapi kati ya vifo hivyo ni vya Katanga? Swali hilo haliwezi kujibiwa na hospitali inayofunga chumba chake cha bakteria.

2. Ahadi iliyotolewa imeipita sayansi.

Peptidi zinazoua vijidudu si uchawi, wala si jambo la jana. Ni protini fupi, kwa kawaida zenye asidi amino zisizofika 50 au karibu na hapo, na viumbe wa kila aina huzitengeneza kujikinga. Sisi wenyewe tunayo moja iitwayo LL-37, ya asidi amino 37, katika ngozi na katika chembe nyeupe za damu. Nyingi zina chaji chanya. Utando wa bakteria, kinyume chake, una chaji hasi kwa nje, basi peptidi inavutwa pale, inajichomeka na kuutoboa. Utando wa nje wa seli zetu hauna chaji hasi ya namna hiyo, tena una kolesteroli, ndiyo maana kwa kipimo kizuri tunasalimika.

Mwaka 1987 mtafiti Michael Zasloff, kule Marekani, alitangaza peptidi alizozipata katika ngozi ya chura wa Kiafrika, Xenopus laevis. Alikuwa amewapasua vyura hao, akawashona, akawarudisha kwenye maji yaliyojaa vijidudu, na vidonda vyao vikapona bila kuoza. Peptidi hizo akaziita magainini. Vyura wa jenasi ya Xenopus wako pia katika maji ya Kongo. Kama kuna waliostahili kushukuriwa kwenye kalikoti ile, ni wao.

Lakini kilichofuata hakikusemwa chini ya hema. Kutokana na magainini ilitengenezwa krimu ya peksiganani kwa ajili ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuipa kibali, kwa kuwa haikuonyesha faida iliyozidi antibiotiki zilizokuwepo. Ikajaribiwa upya miaka mingi baadaye, na mwaka 2016 majaribio yake ya mwisho kwa wagonjwa yakashindwa kuonyesha kwamba inaponya kuliko krimu isiyo na dawa. Karibu miaka 30 imepita kutoka kwa chura hadi hapo, kwa watu wenye pesa na maabara zisizozimika.

Sababu za ugumu huo zinajulikana. Ndani ya damu na usaha kuna vimeng'enya vinavyozikata peptidi kabla hazijafika. Chumvi ya mwili inazipunguzia nguvu nyingine. Ukiongeza kipimo, baadhi zinaanza kupasua chembe nyekundu za damu. Nanochembe zinaingia hapo: peptidi inafungwa ndani ya kitu chenye upana wa nanomita kadhaa hadi mia na zaidi, kama liposomu, yaani kifuko kidogo mno cha mafuta, kitosani ya maganda ya kamba wa baharini, au polima inayoyeyuka taratibu mwilini. Inalindwa njiani, inaachiliwa polepole, na kidonda kinapata dawa bila mwili mzima kusumbuliwa. Wengine wanaijenga peptidi yenyewe iwe chembe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walichapisha peptidi zenye umbo la nyota zilizoua hata Acinetobacter aliyeizoea antibiotiki ya kolistini. Nilisoma ripoti ile nikafurahi kama mtoto. Waliotibiwa walikuwa panya.

Nanochembe zenyewe kama chombo zimeshatoka maabara. Amfoterisini B, dawa ya kuvu, inatumika ndani ya liposomu tangu miaka ya 1990, na antibiotiki ya amikasini ya liposomu ya kuvuta kwa pumzi ilipata kibali Marekani mwaka 2018. Hizo ni dawa za zamani zilizopewa chombo kipya. Peptidi na chombo, vyote viwili vipya kwa pamoja, kwa sehemu kubwa bado viko kwenye visahani na kwenye panya. Tofauti hiyo ingeelezwa kwa sentensi mbili, na hakuna mgeni ambaye angekasirika.

Haikuelezwa. Sasa watu wanakuja kwenye dirisha letu kuuliza sindano za nano zitafika lini. Wengine wameacha kuja kubadilishiwa bandeji, wanasubiri.

3. Peptidi tuliyonayo tayari hatuitunzi.

Nimetaja kolistini. Hiyo nayo ni peptidi, Bwana Mkurugenzi. Imetumika tangu miaka ya 1950, ikawekwa kando kwa sababu ya madhara kwenye figo, kisha ikarudishwa bakteria walipozizoea dawa nyingine. OMS imeiweka katika kundi la akiba, yaani dawa inayoguswa wakati nyingine zimeshindwa. Mwishoni mwa 2015 watafiti wa China waliripoti jeni ya mcr-1, inayompa bakteria usugu dhidi ya kolistini na inayoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Waliipata kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Kwa hiyo yule aliyesema kwenye kipaza sauti kwamba bakteria hawawezi kuizoea peptidi alikosea, na ushahidi dhidi yake una miaka mingi.

Hapa kwetu nimeona kolistini ikiandikwa kwenye ordonansi bila kipimo chochote kabla yake. Tena kuipima si rahisi: molekuli yake ni kubwa, haisambai vizuri ndani ya agari, hivyo vidonge vya karatasi vinadanganya. Inabidi upime kwenye mchuzi wa kuoteshea, ukiipunguza dawa nusu kwa nusu kutoka kisima hadi kisima, yaani vile vishimo vya sahani ya maabara, uone bakteria anasimama wapi.

Hapa naomba msome taratibu, kwa kuwa ndipo lilipo jambo langu lote. Njia hiyohiyo ndiyo inayotumika kuzipima peptidi mpya, ziwe peke yake au ndani ya nanochembe. Hata sahani zenyewe lazima zichaguliwe, kwa sababu peptidi hung'ang'ania plastiki ya polistireni na kukupa jibu la uongo. Wanaozipima hupendelea polipropileni. Mradi wenu hauwezi kusogea hata hatua moja bila etivu, mchuzi, bakteria waliotunzwa kwa majina yao, na mtu anayejua kusoma visima. Vyote hivyo vinahusu chumba kilichofungwa.

4. Wagonjwa wanatia dole gumba kwenye karatasi wasiyoielewa.

Fomu ya ridhaa ya mradi ni ya Kifaransa, kurasa kadhaa, herufi ndogo. Mama anayetoka mitaa ya Katuba au Ruashi anaongea Kiswahili, wengine Kibemba au Kiluba. Anasomewa mistari miwili, anaonyeshwa mahali pa kutia dole. Haambiwi kwamba ute wa kidonda cha mwanawe utasafirishwa nje ya nchi, haambiwi utatunzwa miaka mingapi, wala kama majibu yatarudi yamsaidie mtoto aliye kitandani leo. Niliuliza swali hilo la mwisho kwa mdomo, nikajibiwa kwamba mradi ni wa utafiti, si wa matibabu. Basi waambiwe hivyohivyo, kwa lugha yao.

5. Jina la hospitali limeanza kuuza chupa.

Hili ni fupi. Karibu na geti kuna mtu anauza maji anayoyaita "nano", anasema ni yale ya mradi, na anaonyesha picha ya kalikoti kwenye simu yake. Chupa nyingine zinadai kuwa na chembe za fedha, ile metali. Kunywa fedha hakutibu maambukizi. Ukizidisha kwa muda mrefu ngozi inageuka rangi ya kijivu na hairudi. Hospitali haijatoa hata tangazo moja la kukanusha.

Najua nitakayojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa.

Nitaambiwa pesa hakuna. Hema, viti na chakula cha wageni vilipatikana. Sisemi wageni wasile. Nasema vidonge vya antibiogramu na agari vina bei, na bei hiyo iko kwenye barua yangu ya mwisho, ambayo hakuna aliyeniambia ni kubwa mno.

Nitaambiwa pesa za mradi ni za wafadhili na haziwezi kuhamishwa. Sawa. Mfadhili gani anayefadhili dawa dhidi ya bakteria atakataa kutengeneza etivu ya kuwaotesha bakteria hao? Ameulizwa? Nijuavyo, hajaulizwa.

Nitaambiwa umeme wa mji wetu hauruhusu. Kisantu, kule Kongo Central, si Ulaya. Hospitali ya pale imekuwa ikiotesha damu za wagonjwa kwa miaka mingi, pamoja na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, na mwaka 2019 kazi hiyo ndiyo iliyoionyesha dunia Salmonella iliyozizoea karibu dawa zote zinazotumika dhidi yake hapa nchini, seftriaksoni ikiwemo. Madaktari Wasio na Mipaka nao wamebuni Mini-Lab, maabara ya bakteria inayosafirishwa ndani ya masanduku kwa ajili ya mahali penye shida kama zetu. Kidhibiti cha umeme na betri kwa etivu moja si jambo la kuishinda hospitali ya mji wa pili wa nchi, mji unaochimbia dunia shaba na kobalti.

Na kwa kuwa nimeitaja shaba: yupo atakayesema ninapinga utafiti. Ninautaka, ila ule unaoanzia hapa. Inajulikana kwamba bakteria wanaoishi penye metali nyingi, shaba ikiwa mojawapo, wanaweza kubeba jeni za kuvumilia metali pamoja na jeni za kuvumilia antibiotiki, zikisafiri kwenye plasmidi moja, yaani kipande kidogo cha DNA kinachoweza kuhama kati ya bakteria. Je, ndivyo ilivyo kwa bakteria wa vidonda vya wachimbaji wetu? Hilo ni swali la Lubumbashi, linaweza kujibiwa na vijana wa chuo kikuu chetu wakiwa na chumba kilicho wazi, na watengenezaji wa peptidi wa Melbourne au kwingineko wangelipa kulijua. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa nano upite, ukikaa nitaufurahia; mbachao wetu usitupwe.

Wa mwisho ni yule atakayeuliza fundi wa maabara ana mamlaka gani ya kumwandikia Daktari Mkurugenzi mbele ya watu. Hana. Ndiyo maana alianza kwa kuandika faraghani.

Ninaloomba, kwa heshima zote, ni haya:

a) Chumba cha bakteria kifunguliwe kabla ya mwisho wa mwezi ujao, etivu itengenezwe au inunuliwe nyingine, iwekewe kidhibiti cha umeme, na vidonge na agari viingizwe kwenye oda ya kawaida ya hospitali kama glavu zinavyoingizwa.

b) Hakuna sampuli ya mgonjwa itakayotoka nje ya nchi kabla haijaoteshwa hapa na majibu yake kuwekwa kwenye jalada la mgonjwa.

c) Kolistini isitolewe bila sahihi ya daktari mwandamizi na, tukishafungua, bila kipimo.

d) Fomu ya ridhaa iandikwe upya kwa Kiswahili cha hapa kwetu, isomwe yote, na mgonjwa apewe nakala aende nayo nyumbani.

e) Tangazo litolewe kwa redio na getini: hospitali haiuzi wala haina dawa yoyote ya nano, bandeji ziendelee kubadilishwa, chupa zile zisinunuliwe.

Hili la mwisho halihitaji pesa wala mfadhili. Linaweza kufanyika leo mchana.

Nataka jibu la maandishi, hata likiwa la kukataa, ili nijue niende wapi baada ya hapo. Orodha ya vifaa, pamoja na bei za wauzaji wa hapa mjini, nimeiacha tena kwa katibu wako asubuhi hii, na nakala ya pili iko kwa mkuu wa maabara.

Kwa heshima,

Fundi wa maabara, idara ya bakteria

Nakala: wasimamizi wa afya wa mkoa; chama cha wafanyakazi wa hospitali; wawakilishi wa wagonjwa wa wodi ya walioungua